Mama Mkwe na Pikapu Yangu

Pikapu tupu haina adabu. Ikipanda mlima wakati wa mvua, nyuma inacheza huku na huku, na ukijitia hodari utajikuta bondeni. Ndiyo maana nilikuwa nafunga magunia ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, na chini ya kiti nikaweka jiwe langu mwenyewe la kuzuia gurudumu. Wenzangu wa stendi ya Voi walinicheka. Eti mtu anabeba jiwe Taita, kwani yameisha? Haya, chekeni. Gari likianza kurudi nyuma kwenye kona, hutapata nafasi ya kushuka kuchagua jiwe.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nateremsha mboga kutoka kwetu Wundanyi hadi Voi. Mimi ni Mtaita, mke wangu ni Mkamba wa Miasenyi, kule barabara ya Mombasa. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawali pamoja, hawashikani mkono, hawasemezani. Akiniona sokoni anageukia njia nyingine. Ndiyo heshima yenyewe, na sikuwa na neno nayo mpaka mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa.

Maziwa yalikataa kutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na wanawake wa kwetu walikuwa wamejaribu kila walichojua. Mke wangu akaniambia, "Niletee mama." Hakutaka kusikia habari nyingine. Nikaondoka asubuhi ile ile.

Kule Miasenyi nilisimama mbali na boma, nikamtuma shemeji yangu akamweleze. Mama akatoka na kikapu chake, akaitazama pikapu. Mbele kulikuwa na kiti kimoja tu kirefu, na mimi nimekikalia. Ng'o! Akapanda nyuma, akakaa juu ya gunia la mchanga, akajifunika kanga. Nilikasirika sana. Mtoto anakufa njaa na mtu anachagua pa kukaa! Lakini ningemwambia nini, na kwa mdomo gani?

Tulikula vumbi mpaka Mwatate. Tulipoanza kupanda, mvua ikashuka, na kwenye kona moja kali injini ikazima. Breki ya mkono ilikuwa hafifu. Nikakanyaga ya mguu kwa nguvu zangu zote, na bado tulikuwa tunateleza kidogo kidogo. Nikiinua mguu, tumekwisha. Nikalivuta jiwe kutoka chini ya kiti, nikaliweka dirishani, nikapiga kelele:

"Wewe gari! Jiwe hili hapa. Angepatikana mtu wa kulitia nyuma ya gurudumu, tungefika!"

Nikasikia miguu ikitua kwenye tope, na sauti ya mama:

"Gari, tulia. Mtu amesikia."

Akalichukua jiwe huku uso ameugeuzia mlimani, akalisukumiza mahali pake. Gari likatulia. Nikawasha injini, nikatia gia ya kwanza, nikapanda bila kusimama mpaka penye tambarare. Nilipomsubiri pale, alikuja amelowa chapachapa, jiwe langu kalibeba kichwani kama mtungi. Lo, nilicheka peke yangu na machozi yakanitoka.

Kuanzia hapo, njia nzima ilikuwa mazungumzo.

"Gari, kwani huwezi kukaza mwendo? Mtoto anangoja."

"Gari lingependa, lakini barabara inateleza."

Tulipofika aliingia kwa binti yake, mlango ukafungwa. Alichofanya humo sikijui, si mambo ya wanaume. Kesho yake asubuhi nilisikia nyumba iko kimya, nikaogopa hata kubisha. Kumbe mtoto ananyonya.

Miaka ilienda. Macho yangu yalipochoka nikaiuza pikapu. Siku mnunuzi alipokuja kuichukua, mama mkwe alikuwa kwetu amekuja kuona wajukuu. Alitoka na mkongojo wake, akapita kando yangu bila kunitazama, akaweka kiganja kwenye bodi.

"Gari," akasema, "ulinifikisha kwa binti yangu. Nenda salama. Na huyo aliyekuwa akikuendesha, mwambie ni mwanangu."

Mnunuzi alikuwa ameshawasha injini, akauliza kama anaweza kuondoka. Nikamwashiria angoje.

"Gari limesikia, mama," nikajibu.