Chupa za Dakika Mbili

Jumatano, Machi 1956. Upepo wa vumbi jekundu tangu alfajiri, mvua hakuna. Kaunta nimeipangusa mara nne na bado ukiandika kwa kidole inasomeka.

Leo tajiri alikuja kutoka Mombasa kuchukua karatasi zangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, sijui kwa nini alinichagua. Ana maduka mawili ya dawa, hili la Voi na lile la Taveta, na alitaka kujua lipi linafanya kazi vizuri zaidi. Alikuwa ameniazima saa yake ya mfukoni. Mteja akiweka chupa yake juu ya kaunta, naandika saa. Akitoka na dawa, naandika tena. Basi, hakuna lingine.

Hapa Voi mteja hungoja. Watu huja na chupa zilizokuwa na mafuta ya taa, mvinyo, mafuta ya nywele, na mwosha chupa wetu, ambaye ni mama mdogo wangu, huzisugua kwa mchanga, huzichemsha, kisha huzipindua zikauke. Nisiseme uongo: mtu wa Rukanga aliwahi kuachwa na lori akingojea chupa yake kwetu.

Taveta nilikaa siku mbili. Mwenzangu wa kule ni mwepesi, simnyimi sifa yake. Anamwamkia kila mtu, anakumbuka nyumba gani nani anaumwa. Lakini dawa ya kikohozi ameichanganya yote kwenye ndoo, na nzi wanaelea humo. Chupa haioshwi. Anaipuliza kwa mdomo, anafuta kizibo kwenye suruali, anajaza. Mama mmoja wa Salaita aliinua yake juani.

"Bwana, humu mna mguu wa mende."

"Kwa mende mzima ningekutoza zaidi, mama. Tikisa tu, na ya chini usinywe."

Watu walicheka, na yule mama naye akacheka, akaenda kumnywesha mtoto wake. Nikatazama saa: dakika mbili. Nikaandika mbili. Nami nikajaziwa chupa moja, nikarudi nayo.

Leo tajiri aliteremsha kidole kwenye karatasi. "Taveta mbili, tatu. Voi ishirini! Na huyu mwanamke wa nyuma, anahudumia watu wangapi kwa siku?"

"Hahudumii mtu, tajiri. Anaosha chupa."

"Basi andika sifuri."

Sikumwambia kwamba ndiye aliyenilea. Niliona nikisema nitakuwa napendelea. Nikaandika sifuri. Mpaka sasa sijui kama ile ilikuwa haki au woga. Najua tu kwamba nilitaka kwenda kunawa.

Ndipo nikamwekea ile chupa ya Taveta. Alizibua, akanusa, akaisukuma kwa kidole kimoja, kisha kidole chenyewe akakifuta kwa leso.

"Ondoa uchafu huu!"

"Ndiyo ya dakika mbili, tajiri."

"Wanainunua. Hakuna aliyelalamika." Akakohoa, vumbi lilikuwa limemshika kifua tangu stesheni. "Nipe dawa ya hapa. Kwa chupa aliyoosha huyo mama, umesikia?"

Alingoja kwenye benchi. Kwa kuwa naye ni mteja, nilimpima kama wengine: dakika ishirini na mbili. Niliandika mbele ya macho yake, mstari wa mwisho. Alisoma, akakunja karatasi, akatia mfukoni. Kisha akaenda nyuma mwenyewe kumwambia mama mdogo kwamba kazi yake ni mpaka Jumamosi. Alimwambia kwa upole, lazima niseme hivyo. Chupa yake alikuwa ameishika mkononi, inang'aa.

Njiani kurudi nyumbani mama mdogo aliniuliza swali moja.

"Uliandika uongo?"

"Hapana, mama."

"Haya basi."

Afadhali angenitukana.

Jioni tulikula kimanga, muhogo uliopondwa na maharage, kwa maziwa ya mgando. Mama mdogo alipakua mwenyewe, lakini kwanza alizirudia kuziosha sahani zote, ambazo mke wangu alikuwa ameshaziosha.