Mkono Pembeni mwa Picha

Saa nne asubuhi. Nje jua linawaka, lakini chumbani kwa Cheka Kidogo pazia limefungwa. Anafuta kioo cha skana kwa fulana kuukuu, analaza picha ya harusi juu yake, anashusha kifuniko taratibu. Mstari wa mwanga unapita. Anaisemesha picha, maana hakuna mwingine wa kusema naye.

"Haya, tulia hapo hapo. Cheka kidogo."

Ndiyo maneno yaliyompa jina. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga picha wa studio ya mtaa huu, na hakuna bibi harusi wala mtoto wa shule aliyekwepa kuambiwa hivyo. Simu zenye kamera zilipoingia, wateja wakapukutika, studio ikafungwa. Siku hizi anafanya kazi nyumbani: anaingiza picha za watu za zamani kwenye kompyuta na kuzisafisha. Wiki nzuri inalipa pango na umeme. Wiki mbaya inalipa umeme tu.

Anatumia programu moja nyepesi iliyokuja na skana. Inanyoosha picha, inakata kingo, inaongeza mwanga, na vumbi unalitoa mwenyewe, doa baada ya doa. Basi. Mwanawe wa pekee, anayeishi mbali, humcheka kwa hilo kila anapopiga simu. Na hapigi mara nyingi.

"Baba, watu wameshasonga mbele. Ile niliyokutumia unabonyeza mara moja tu, picha inatoka mpya."

"Hiyo mpya ndiyo sitaki," humjibu.

Si ubishi wa uzee, ingawa na huo anao wa kutosha. Programu ya kwanza aliyotumiwa na mwanawe ilikuwa na vitufe vingi mno. Akishakipata anachokitafuta, amesahau alitaka kufanya nini. Ya pili, hiyo ya kubonyeza mara moja, ilimfurahisha wiki nzima. Kisha akaipa picha aliyoipiga mwenyewe ujanani. Pembeni kulikuwa na mkono ulioshika kitambaa cheupe. Programu ikauona mkono huo ni uchafu, ikaufuta, ikachora majani mahali pake.

"Niliitazama ile picha safi nikaiondoa programu palepale," anaiambia picha iliyo kwenye skana. "Ule mkono ni wa mke wangu."

Mkewe ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Alisimama pembeni na kitambaa ili mwanga urudi kwenye nyuso za watu, na nyuso zikapendeza. Picha zao wenyewe zilikuwa chache, zote ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mkewe alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Mwaka uliofuata maji ya mvua yaliingia chumbani, picha zikagandana, na alipozibandua sura zikachunika. Filamu nazo zilitupwa studio ilipofungwa.

"Mwanangu aliwahi kuniuliza mama yake alifananaje. Nikaanza: pua hivi, macho hivi. Nikajisikia kama naelezea sura ya mtu yeyote tu."

Tangu hapo kila picha ya mteja huikuza mpaka kwenye pembe kabla hajagusa vumbi. Ameshapata kiwiko cha mkewe, pindo la gauni lake, kivuli chake ukutani. Uso bado.

Mlango unabishwa. Mwalimu wa shule ya jirani amefuata picha ya wazazi wake, hii iliyotoka kwenye skana sasa hivi. Anainama kuitazama kwenye skrini.

"Imetoka vizuri, mzee wangu. Huu mkono wa pembeni utaukata, sivyo?"

Mzee anausogelea mkono ule kwenye skrini. Anashika kipanya, anakiachia.

"Nitaukata, mwanangu. Picha ni yako. Ila naomba nibaki nao."

"Ubaki na mkono?"

Anamweleza kwa maneno machache, macho yake yakiwa kwenye skrini. Mwalimu aliingia na haraka zake. Sasa anavuta kigoda, anakaa.

"Basi usiukate," anasema. "Halafu, kwa mama kuna ile picha kubwa ya siku hiyo, ya ukoo mzima. Iko ukutani sebuleni. Mwishoni kabisa amesimama mwanamke mmoja, kitambaa begani. Sisi watoto tulikuwa tukiulizana, huyu ni shangazi gani? Hata mama hamjui."

Cheka Kidogo haikumbuki picha hiyo. Enzi zile harusi zilifuatana, na yeye alihesabu vichwa tu. Anamwomba mwalimu arudie: kitambaa begani? Begani, ndiyo. Mwalimu anaahidi kuileta shule zikifungwa.

Mgeni akishaondoka, mzee anaifuta tena skana iliyokwisha kuwa safi. Na kama si yeye? anajiuliza.

"Basi nitaendelea na picha za watu," anajijibu, huku akiikunja fulana. "Lakini akiwa yeye, sigusi kitu. Hata vumbi nitaliacha. Na safari hii sitamsubiri mwanangu anipigie. Nitampigia mimi, nimwambie: fungua simu yako, mama yako huyo."