Stiki ya Gemu Imeniletea Aibu Leo

Leo hapa Eldoret kuna mtu amenichezea, na nitamjua tu.

Mwenye duka la gemu ameleta mashine mpya, akaiweka kando ya ile ya zamani, ile nilikuwa bingwa wake mji mzima.

Ati stiki zao, hiyo mikono ya kuchezea, ni sawa, anasema.

Sawa na nini? Nikamwambia nifungwe macho, mkono wangu utasema.

Bibi yangu, Mama Chebet, akanifunga na kitambaa chake.

Stiki ya kwanza imelegea. "Hii ndio mpya, ni feki!"

Ya pili imekaza, inalia tak tak. "Hii ndio ya zamani!"

Kufungua macho, ni kinyume.

"Baba Chebet, si ni wewe uliilegeza na huo ubingwa?" Bibi anacheka akishika ukuta.

Lakini hizo mashine ziko na magurudumu, zinasukumika.

Na mimi nilikuwa sioni.

Mnaonaje?