Nilisafiri Bila Kumuaga Mbuzi

Nilisafiri bila kumuaga mbuzi. Najua inavyosikika, lakini kosa langu ni hilo na sina namna ya kulipamba.

Mimi ni mtu wa ndani. Nina nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa Newala, mikorosho michache nyuma yake, elimu ya kidato cha nne ambayo matokeo yake tulikubaliana nyumbani tusiyazungumze, na kigoda kilichokwisha kushika umbo langu. Mlango wangu ukifungwa kutwa nzima hakuna anayeuliza. Kuna aliyesema tofauti yangu na konokono ni kwamba konokono hutoka mvua ikinyesha.

Jirani yangu ni mama mjane, Mmakua wa upande wa Masasi aliyeolewa huku juu. Msimu wa korosho uliopita mbuzi wake alikuwa amezaa mtoto jike, na yule mama alikuja kunionyesha amempakata kama mjukuu.

"Mbuzi mmoja si mifugo, njomba," aliniambia. Huku kwetu kila mwanaume ni njomba, hata asiye na mpwa. "Huyu akikua, ndiyo nitasema nafuga."

Msimu ule mbuzi hawatakiwi mikoroshoni, maana wanakimbia na bibo, lile tunda la mkorosho, pamoja na korosho yake mdomoni. Yule mama alikuwa anaondoka alfajiri kwenda shamba, anamwacha mtoto bandani, na mama mbuzi anamfungulia ajitafutie vichakani hadi jioni. Nami nikajitolea, kwa maneno tu, kama kawaida yangu. "Mwache aje kwangu, mama. Nitamwekea pumba."

Nikaweka kweli. Beseni la pumba mlangoni, kila asubuhi. Pumba kidogo, kavu, lakini ipo.

Sasa, kazi yangu ya msimu huwa naifanyia dirishani: nanyofoa korosho, naweka kwenye ndoo, bibo natupa nje. Siku moja mbuzi akalikuta rundo zima. Kesho yake akaliacha beseni, akaja kusimama chini ya dirisha. Sikuwa na bibo. Akasimama tu. Keshokutwa nikamwaga mengine, akala mpaka maji ya mabibo yakamchuruzika kidevuni.

Hapo ndipo upuuzi wangu ulipoota mbawa. Nikaanza kumchezea. Leo mabibo mengi, kesho hakuna, siku nyingine bibo moja bovu. Dirisha langu lina bawaba inayolia, basi naliliza makusudi, naona masikio yanavyosimama, halafu nalifunga. Nacheka peke yangu. Nilimwambia, "Shemeji, pumba ile pale, ya uhakika." Hata hakugeuka. Kadiri dirisha lilivyokuwa gumu kutabirika, ndivyo alivyolikodolea macho. Siku nilizotupa kila asubuhi mfululizo alikuwa anakula na kwenda zake. Nilipoanza kumnyimanyima, hakubanduka, hata vichakani hakwenda tena.

Nilimwona mjinga. Mimi ni mtu wa pumba. Tangu nizaliwe nimechagua kilichopo. Sikufikiri kwamba beseni lilikuwa halimkimbii. Pumba ingemsubiri hadi jioni, bibo lisingemsubiri. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, ila hakujua kwamba upande wa pili wa hesabu ameketi mtu anayecheka.

Na jioni mama akirudi akiniuliza, "Amekula?" namjibu, "Yupo hapa kutwa, mama." Kuwa hapa alikuwapo. Basi mama, akidhani ameshiba, akaacha kumkatia majani ya jioni.

Kisha dada yangu akaoza binti yake Masasi. Nilibebwa, sikwenda. Nilipofika nikapewa wali, godoro, na kivuli cha majabali ya huko, nikaona kumbe safari haiui. Nikaongezwa siku, nikakubali, nikaongezwa tena. Simu ninayo, namba ya jirani ninayo. Watu wote wakisafiri humuaga jirani. Mimi sijazoea kusafiri, kwa hiyo hata kuaga sikujua kunaanzia wapi. Na kwa kuwa mlango wangu kufungwa si habari, hakuna aliyejua kuwa sipo.

Niliporudi, beseni lilikuwa limelambwa hadi rangi. Chini ya dirisha ardhi ilikuwa imekanyagwa ikawa kama uwanja, vinyesi vimejaa, na mbuzi amesimama katikati, mbavu nje. Hakunitazama. Alitazama dirisha. Niliingia ndani, nikalifungua. Bawaba ikalia, masikio yakasimama. Sikuwa na kitu mkononi isipokuwa begi.

Mama akatokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi na begi?"

"Masasi. Harusini."

"Wewe? Nani alikubeba?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mtoto wa mbuzi amekufa, njomba. Juzi. Mama yake maziwa yalikauka. Nilidhani minyoo, nikamnywesha dawa. Mtoto analia, mama yake hana kitu."

Ningeweza kusema minyoo. Neno lilikuwa tayari, yeye mwenyewe amenipa. Nikashika kizingiti cha dirisha nikamweleza yote: mabibo, bawaba, vicheko, mpaka ile "yupo hapa kutwa". Alisikiliza huku amemshika mbuzi pembe. Kisha akamvuta. Mbuzi alitembea kwa kurudi nyuma, macho dirishani, mpaka walipokata kona.

Siku hiyo hiyo bawaba nikaitia mafuta. Haikusaidia; hata kivuli changu kikipita dirishani, nilikuwa naona pembe zinachomoza. Nikaanza kutoka. Naam, mimi. Nabeba panga nashuka bondeni kabla jua halijawa kali, nakata majani, nampelekea mbuzi bandani kwake, fungu lile lile, saa ile ile, bila mchezo. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka ndipo akaacha kuja.

Asubuhi moja nikatua mzigo, mgongo unaniuma, nikangoja, nakiri, kusifiwa. Mama akayageuza yale majani kwa mguu, mabichi, mengi, akanitazama.

"Ungeyakata majani haya mapema, njomba, saa hizi ningekuwa na mbuzi wawili."