Fremu ya Susu Wayua na Matundu Niliyotoboa

Wasee, kuna siku nilishinda kutwa nzima nikitoboa matundu ya dumuzi kwenye mbao mpya. Kwa sindano ya gunia.

Msinicheke. Kila tundu lilikuwa uongo.

Mimi ni fundi wa fremu za picha hapa Kibwezi. Sisi Wakamba tunajisifu kwamba tumezaliwa na patasi mkononi, na mimi nilikuwa naringa nayo kweli kweli.

Susu Wayua, nyanya wa makamo ya susu yangu mwenyewe, alishuka kutoka Kilungu na fremu ya mbao, kuukuu, ndani picha ya marehemu mumewe. Ilikuwa imeliwa na dumuzi, ukiitikisa unga unamwagika. Macho ya Susu nayo yalikuwa karibu kuzima.

"Mwana wakwa, hii picha hata ikipotea ni sawa tu," aliniambia. "Lakini fremu, tafadhali, niponyee. Na usiharakishe."

Nikajisemea uzee umemshika. Nani anathamini mbao kuliko sura ya mumewe?

Na nikaharakisha. Niligonga msumari mmoja wenye kutu, fremu ikaachana vipande vinne. Vitatu vilikuwa unga mtupu. Kile cha chini tu ndicho kilikuwa kizima, kimetafunwa kidogo kwenye kona. Nikadhani ni panya.

Niliogopa kumwambia. Nikatia vipande vyote ndani ya jiko, nikachemshia chai.

Kisha nikachonga nyingine. Nikaipaka masizi na mafuta, nikairudishia misumari yake ya kutu, nikatoboa matundu. Ilitoka safi, hata mimi ningedanganyika. Zile alama za panya sikuziweka. Za nini?

Susu alirudi na mjukuu wake, Katunge. Akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu. Halafu kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye kona ya chini.

Kikapapasa. Kikarudi, kikapapasa tena.

"Meno ya Mutie iko wapi?"

"Mutie ni nani, Susu?"

"Mtoto yangu wa kwanza. Alikuwa anaota meno, akauma hapa. Surua ikamchukua kabla apigwe picha. Ni hii tu nilibaki nayo."

Ningesema ukweli pale pale, lakini mdomo ulikataa.

"Ama ni kidole yangu imezeeka?" akauliza.

"Ni uzee, Susu."

"Haya. Ngai akuathime."

Akanibariki, jamani. Mimi.

Juzi nimekutana na Katunge sokoni, nikamuuliza habari za nyanya yake.

"Ako tu," akasema. "Siku hizi kila asubuhi anapaka vidole mafuta ya nyonyo. Ati zikipona, atapata meno ya Mutie."

Sikumaliza kununua nilichoendea.

Ndugu yangu, ukiharibu kitu cha mtu, mwambie kabla hujawasha jiko.