Haragwe la Shimo la Tisa

Shule niliiacha darasa la sita, na kazi moja haikuwahi kunishika zaidi ya msimu. Niliuza mkaa Kawangware, nikapaka rangi nyumba za watu, kisha nikawa kedi: kubeba mikoba ya fimbo za matajiri katika uwanja wa gofu unaopakana na Kibera. Jumatatu makedi tuliruhusiwa kucheza wenyewe. Hapo ndipo swali liliponinasa. Mkono uleule, fimbo ileile. Mbona leo mpira unanyooka na kesho unapinda?

Nilihisi jibu liko kichwani, nikaanza kulipima. Nilitia maharagwe makavu mfuko wa kushoto. Nikipiga mpira kwa moyo wote, haragwe moja linahamia mfuko wa kulia. Akili ikitangatanga, linabaki. Kedi mwenzangu, rafiki yangu kutoka Kitui, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe bwana, githeri hiyo isiyo na mahindi itaiva lini?"

Na akiniona nimeduwaa alipaza sauti: "Huyo ameenda Toi!" Ndivyo tulivyosema mtu akipotewa na umakini, kwa kuwa Soko la Toi lilikuwa hapo karibu, likimwita kila mtu.

Shimo la tisa lilikuwa na ua wa michongoma upande wa kulia, na nyuma ya michongoma mabati ya Kibera. Jumatatu moja mpira wangu ulipinda ukaruka ua. Nikasikia mlio wa chuma, kisha nduru ya mwanamke. Nilizunguka mbio. Nilimkuta mama amemkumbatia mtoto mchanga, povu la sabuni bado masikioni. Karai la kuogea lilikuwa limebonyea katikati. Alikuwa ametoka tu kumtoa humo.

"Ni hao watu wa gofu," akaniambia. "Iko siku wataua mtu."

"Kweli, mama," nikajibu, nikageuka kurudi uwanjani.

Wiki mbili baadaye makedi tulicheza kushindania kazi ya kudumu, msaidizi wa mwalimu wa gofu. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mimi na rafiki yangu tulifika shimo la tisa, la mwisho katika shindano, tukiwa sawa. Mfuko wangu wa kulia ulikuwa umejaa, lakini nilikuwa nimeyadanganya maharagwe: niliyahamisha hata pale akili ilipotangatanga.

Rafiki yangu alipiga kwanza, mpira ukanyooka kando ya ua. Nami nilipaswa kupiga vilevile. Nikainua fimbo. Nyuma ya michongoma mtu akamwaga maji, karai likalia. Nikaishusha.

"Umeenda Toi?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nimeenda karibu zaidi."

Nikachukua fimbo ndogo, nikaupa ua mgongo, nikapiga kushoto, mbali na shimo, mbali na watu. Mpira ulienda palepale nilipotaka. Nilishindwa kwa pigo moja.

Rafiki yangu alinipa mkono kisha akaangalia mfuko wangu wa kushoto. "Na hilo haragwe la mwisho, linaenda wapi?"

Nililitoa, nikalifumbata. Nilikuwa nimeamua kwa moyo wote, au nimeogopa kwa moyo wote? Nilipita kando ya ule ua bila kugeuka, na nilipofika kituo cha matatu cha Kawangware 56 haragwe lilikuwa bado ndani ya ngumi, limelowa jasho.