Kanyaga, Shikilia, Achia

Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba katika gari lake mimi ndiye kifaa pekee kisichouzwa dukani. Hakuwa akinisifu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, mguu wa kulia juu ya pedali ya breki, naye amelala chali kwenye mchanga kando ya gurudumu la nyuma, akinitukana kupitia sakafu ya gari. Majirani zetu wa Lodwar walishazoea. Waliopita njiani walinisalimia, "Ejok, mama," nami nikawapungia mkono, maana mguu wenyewe haukuwa wangu.

Gari lilikuwa la Kifaransa, la zamani, rangi ya chai ya maziwa, na aliuziwa na padre aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yetu, na lilitunzwa kuliko ndoa yetu. Alilipangusa vumbi kila asubuhi, na kupangusa vumbi Lodwar ni sawa na kufukuza inzi machinjioni. Alikuwa akiliegesha chini ya mti wa mathenge pale uani, na kabla ya kuliegesha alifagia miiba isije ikatoboa tairi. Mimi nilitembea uani humo humo na ndala zilizokwisha, na miiba iliyonichoma niliichomoa mwenyewe.

Kazi ya kutoa upepo kwenye breki haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hukaa juu akikanyaga, mwingine hulala chini na spana. Kwenye kila gurudumu kuna kijinati chenye tundu, na juu ya kijinati hicho mume wangu alichomeka mpira wa dripu aliouomba zahanati, ncha ya pili akaitia ndani ya chupa ya soda. Alikuwa akiniita, "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Nikishikilia, hufungua kijinati, mafuta ya breki yakaruka kwenye chupa pamoja na mapovu, na pedali ikazama hadi sakafuni. Kisha hutakiwa afunge kwanza kijinati, ndipo aniambie, "Achia." Mguu ukitoka kabla ya kijinati kufungwa, breki huvuta upepo mwingine kupitia tundu lile lile, na kazi yote imekwenda bure. Sheria hiyo alinifundisha yeye, kwa sauti iliyosikika hadi mtoni.

Na kila mara ilikwenda bure. Tukimaliza magurudumu yote, alikuja juu, akasukuma pedali kwa mkono, ikazama kama mwiko kwenye uji. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula shati lake.

"Umeachia mapema tena."

"Nimeachia uliposema."

"Mguu wako mzito kama akili yako. Upepo ukiisha, tutakwenda. Haujaisha."

Safari tuliyokuwa tukiisubiri ilikuwa ya Kakuma, na ilikuwa yangu, si yake. Dada yangu mkubwa aliishi kule. Ndiye aliyenilea tulipofiwa na mama, akaninyima mume wa kwanza aliyeniposa kwa kuwa alikuwa mlevi, na baadaye, wakimbizi wa Sudan walipojaa Kakuma, akahamia huko kuuza chai na mandazi kando ya kambi. Alikuwa na mdomo. Siku mume wangu alipokuja kuniposa, alimwambia mbele ya wazee kwamba anamwona ni mtu wa kumtumia mke kama jeki, anayesukumwa chini ya mzigo, na mzigo ukishainuka anatupwa kwenye buti. Wazee walicheka sana. Mume wangu naye alicheka, na kicheko hicho alikiweka akiba.

Habari ya kwanza ililetwa na dereva wa lori, Msomali mmoja aliyepeleka chakula kambini na kupita kwetu kuomba maji ya rejeta. Alisimama langoni, akasema, "Mama, wewe ndiyo dada ya ile mama ya chai? Anakohoa mbaya, wallahi. Amekonda, siku hizi chai anapikia jirani. Anasema kama unaweza, kuja."

Nilimwambia mume wangu usiku huo huo wakati wa kula. Hakukataa. Angekataa ningepata pa kushika. Alitafuna polepole, akasema tutakwenda na gari letu, kwa heshima, lakini breki zina upepo, na ile barabara si ya kwenda bila breki. Nikamwambia basi nipande lori la yule Msomali, analala mjini, anaondoka asubuhi na msafara unaolindwa na askari.

"Mke wangu hapandi juu ya magunia kama mbuzi na mimi nina gari," alisema. "Ukipanda lori, usirudi hapa."

Sikuwa na mtoto. Mwanamke asiye na mtoto akiambiwa usirudi, hana wa kumwita arudi. Nilinawa mikono nikaenda kutoa vyombo.

Basi tukaanza Jumamosi zetu. Aliinua gari kwa jeki, akaegemeza mawe, akaniita. Jua la Lodwar likishapanda, chuma cha mlango hakishikiki, na kiti kile cha plastiki kilinibambua mapaja. Kanyaga. Shikilia. Jasho la usoni lilinidondokea hadi kwenye usukani. "Achia," halafu spana ikalia kidogo kule chini, kwii, naye akahamia gurudumu lingine. Mwishoni alikuja juu, akasukuma pedali, ikazama. Jumamosi nyingine alinifanya nikanyage bila viatu ili, alisema, nyayo zisikie vizuri. Jumamosi nyingine alimwita jirani aje aone jinsi mwanamke asivyoweza kuambiwa neno moja akalielewa. Jirani alisimama kwa aibu, akasema joto ni kali, akaenda zake.

Mimi niliamini. Ndilo linalonikera hadi leo, zaidi ya matusi. Nililala kitandani nikikanyaga hewa kwa mguu, nikijifunza kutoachia mapema. Nilimwomba Mungu auongoze mguu wangu. Nilimwambia dada moyoni, nivumilie kidogo, nikishajua kukanyaga nitakuja.

Habari ya pili ililetwa na mama mmoja Mkongo, jirani wa dada yangu kule kambini, aliyekuja Lodwar kununua vitenge. Alikaa kwenye kigoda changu, akakataa chai.

"Dada yako anakuita," alisema. "Njo anasema ukuye. Anasema, mwambie akuye na miguu, miye nitamungojea. Lakini mama, miye niliona macho yake. Usichelewe tena."

Mume wangu alimsikia. Alikuwa kwenye kizingiti akisafisha plagi kwa wembe. Alimwambia kwa upole sana, "Mwambie shemeji yangu tunakuja. Upepo ukiisha, tutakwenda." Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akaondoka.

Dada yangu alikufa katikati ya wiki. Dereva Msomali ndiye aliyeleta habari, asubuhi, nilipokuwa nimetoka kuinjika chai. Nilikaa chini pale pale langoni. Mume wangu alitoka ndani, akaambiwa, akasema, "Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Kisha akachukua spana.

"Ingia," aliniambia. "Twende tukamzike dada yako."

Niliingia ndani ya gari na kanga ya jana, uso haujanawa, makamasi yananitoka. Sikuwa nikifikiri neno lolote. Mguu ulipanda wenyewe kwenye pedali. Kanyaga. Kanyaga. Shikilia. Pedali ikazama. Halafu nikasikia spana ikilia, kwii, ikifunga kijinati, na baada ya hapo ndipo alipoita, "Achia."

Spana kwanza, achia baadaye. Nilibaki nimeshikilia usukani. Gurudumu la pili likaenda hivyo hivyo, na la tatu, na la mwisho. Masikio yangu yalikuwa yamekaa kwenye kiti kile Jumamosi zote, yakisikia achia kwanza na spana baadaye, na sikuwahi kujiuliza. Mguu wangu haukuwa na kosa lolote. Kila Jumamosi alikuwa akiutoa upepo kwa mkono mmoja na kuurudisha kwa ule mwingine, huku akinitukana.

Chai niliyokuwa nimeinjika haikuwa imechemka alipomaliza. Alikuja juu, akasukuma pedali. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

"Umeona?" alisema. "Ukitulia, unaweza."

Nilikuwa na maiti ya kuzika, na gari hilo ndilo lililokuwa linakwenda. Aliendesha vizuri, akapunguza mwendo kwenye kila korongo, akasimama pale msafara uliposimama, na kila aliposimama breki zilishika bila hata kulia. Kakuma tulipokelewa kwa heshima. Wasudani waliokuwa wakinywa chai ya dada yangu walikuwa wameshachimba kaburi, wakaimba nyimbo za kanisa kwa lugha yao. Wazee wa Kiturkana walimshika mume wangu mkono, wakasema huyu ndiye mkwe, amemleta mke wake kwa gari lake mwenyewe, hakumpakia kwenye lori. Yeye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ningekuwa na jeki mkononi siku hiyo, Mungu anisamehe, ningejua pa kuitumia.

Alipowasha gari kurudi, nilikuwa nikiosha masufuria ya dada kwenye banda lake la chai. Alipiga honi. Sikugeuka. Akaja hadi bandani, akasema jua linazama, nami nikamwambia aende, gari lina breki. Alielewa. Niliona kwenye uso wake kwamba ameelewa, akageuka akarudi garini. Dada yangu alisema nije kwa miguu, na miguu ilikuwa hapo, nikabaki nikiuza chai na mandazi kwenye banda lake.

Muda mrefu ulipita kabla ya kunitafuta, na aliponitafuta alimtumia dereva yule yule. Dereva alikaa, akanywa chai, akajikuna kidevu.

"Bwana yako anasema mama yake amezidiwa kule Lorugum. Anataka kufika. Lakini gari imelala, breki imeingia upepo, na hakuna mtu wa kumkanyagia. Majirani wote amewatukana. Anasema wewe ndiyo unajua."

Mama mkwe hakuwahi kunikosea. Siku ya harusi alinivisha shanga zake mwenyewe shingoni, na nilipokosa mtoto hakusema neno. Niliyajua yote hayo nilipokuwa nikimimina kikombe cha pili.

"Mwambie avumilie," nilisema. "Mwambie upepo ukiisha, atakwenda."

Dereva alinitazama kama yule mama Mkongo alivyomtazama mume wangu. Alifikisha ujumbe, neno kwa neno. Aliporudi kutoka Lodwar alisimama kwenye banda hata kabla ya kuzima lori, na alikuwa anacheka.

"Amepanda pikapu ya Lorugum, mama! Yule mzee wa fahari! Alikaa nyuma juu ya magunia, mbuzi kushoto, mbuzi kulia, moja ikamkojolea suruali. Lakini alifika. Alikuta mama yake anakunywa maziwa, mzima kabisa, sasa anatembea."

Niliuliza kama pikapu hiyo ilikuwa na breki.

"Breki?" Alicheka hadi akashika mlango. "Ile? Hiyo inasimamishwa na mawe, mama. Mtu anaruka chini na jiwe, anaweka mbele ya tairi. Hivyo tu, kila siku, na watu wanafika."

Nilimwambia chai ya leo asilipe. Kisha nikaingia nyuma ya banda, kwenye kitanda ambako dada yangu aliningojea, nikalia kuliko nilivyolia kaburini.